Mwaka 1947 na pete ya mchumba wangu

Wadau, nimekuwa kimya karibu wiki tatu. Wengine mmeniuliza kama nimehama mji, mmoja akauliza kama nimeachishwa kazi. Hapana jamani, kazi ipo. Nilikuwa nazunguka kwa masonara.

Naam, mmesoma vizuri. Mwaka huu, Mungu akipenda, barua ya posa itaandikwa na wazee watapanda basi. Kabla ya hapo nataka kumvisha binti wa watu pete yenye almasi, kwa sababu aliwahi kusema mara moja tu, kwa sauti ya chini, tukipita mbele ya dirisha la duka, kwamba anaipenda. Hakurudia tena. Anaujua mshahara wangu.

Nina shilingi milioni 2 nilizodunduliza kwa mwaka na miezi kadhaa, na nimeapa hakuna hata senti ya mkopo itakayoingia humo. Mwenzangu mmoja ofisini alichukua mkopo wa Saccos akanunua pete. Ndoa sasa ina mwaka wa pili, makato ya mshahara bado yanaendelea, na pete yenyewe inakaa kabatini kwa kuogopa vibaka wa daladala.

Sonara wa kwanza niliyemwona mjini aliniangalia viatu, akaniangalia tena usoni, akasema, "Kijana, kanuni ni mshahara wa miezi miwili." Nikamwuliza, kanuni ya nani? Akacheka. "Ndivyo ilivyo dunia nzima, kaka yangu."

Sasa mwandishi wa habari ukimwambia "ndivyo ilivyo" umemchokoza. Nikarudi nyumbani nikaanza kusoma, na nilichokikuta ni hiki: karibu kila kanuni utakayotajiwa dukani ina mtu aliyeitunga, ina mwaka ilipotungwa, na ina sababu. Ukishajua nani aliitunga na alikuwa anauza nini, unajua ipi uilipie na ipi uiachie mwenyewe. Na katika kusoma kwangu mwaka mmoja ulikuwa unajirudia kila nikifunua ukurasa: 1947.

Kabla sijaendelea, niwaambie kwamba nina baba mkubwa aliyefanya kazi mgodini Mwadui enzi za ujana wake, miaka ya sabini hadi themanini. Nilipompigia simu kumwambia natafuta almasi alicheka mpaka akakohoa. "Mwanangu," akasema, "mimi nimezioga vumbi lake miaka kumi na moja, na mama yako mkubwa sijamvalisha hata moja." Mtamkuta tena mbele.

Haya, tuanze mbali kidogo. Kwa karne nyingi almasi za dunia zilitoka India, kisha kuanzia miaka ya 1720 zikatoka Brazil. Zilikuwa chache kweli, na waliozivaa walikuwa wafalme na jamaa zao. Watu wanaopenda kusema pete ya uchumba ya almasi ni mila ya kale humtaja Maximilian wa Austria, aliyempa Mary wa Burgundy pete ya almasi mwaka 1477. Sawa, lakini huyo alikuwa mtoto wa mtawala mkuu. Wakulima wa Austria hawakuwa wakivishana almasi, kama ambavyo bibi yangu hakuvishwa. Kilichopelekwa kwao na babu kilikuwa na kwato.

Mwaka 1867 ikaokotwa almasi karibu na Hopetown, Afrika Kusini, na ndani ya miaka michache watu walikuwa wanachimba Kimberley kama mchwa. Tatizo likageuka. Uchache ukaisha, almasi zikawa nyingi mno, na kitu kikijaa sokoni mnajua kinachofuata. Waulizeni wakulima wa nyanya wa Ilula. Dawa ya Cecil Rhodes ikawa kuyakusanya machimbo chini ya kampuni moja, De Beers, mwaka 1888, ili ghala liwe na mlango mmoja na mlango uwe na ufunguo mmoja. Rhodes, kwa taarifa yenu, hakuoa maisha yake yote. Liwekeni hilo akilini.

Ufunguo ule ukaja kushikwa na Ernest Oppenheimer, aliyekuwa mwenyekiti wa De Beers mwaka 1929, mwaka ule ule uchumi wa dunia ulipoporomoka. Almasi zikakosa wanunuzi. Mwaka 1938 mwanawe Harry akaenda New York kuonana na wakala wa matangazo, N. W. Ayer, na hapo ndipo historia ya pete yangu inapoanza hasa. Wale jamaa hawakutangaza duka wala aina ya pete. Walitangaza wazo: kwamba mapenzi ya kweli yana ukubwa, na ukubwa huo unapimwa kwa jiwe. Walipeleka magazetini habari za mawe ya waigizaji wa sinema, wakapeleka watoa mihadhara kwenye shule za sekondari za wasichana. Sisi wa chumba cha habari tunaijua hiyo, tangazo linalokuja limevaa suti ya habari. Mauzo ya almasi Marekani yalipanda kwa asilimia 55 kati ya 1938 na 1941.

Kisha ndipo tunafika 1947. Mwandishi wa matangazo wa Ayer aitwaye Frances Gerety, usiku akiwa amechoka, aliandika maneno manne ya Kiingereza ambayo kwa Kiswahili ni kwamba almasi ni ya milele. Wenzake ofisini hawakuvutiwa sana. Kuanzia mwaka uliofuata maneno hayo yakawa kwenye kila tangazo la De Beers, na mwaka 1999 jarida la Advertising Age liliyataja kuwa kaulimbiu bora ya karne nzima. Angalieni ujanja uliomo ndani. Kama ni ya milele, basi haiuzwi. Mjane haiuzi, aliyeachika anaona aibu kuiuza, na mawe ya zamani hayarudi sokoni kushindana na mapya. Ndiyo maana ukinunua pete leo na kesho ukairudisha kwa sonara kuuza, mara nyingi hata nusu ya bei hupati. Mtu akikuambia almasi ni akiba kama kiwanja, mwombe akuandikie kwa maandishi kwamba ataichukua yeye kwa bei ile ile. Mimi nilimwomba mmoja. Akaitwa simu, akaenda nyuma ya pazia.

Gerety naye, jamani, hakuolewa.

Mshahara wa miezi miwili ulikuja baadaye sana. Awali matangazo yalikuwa yanadokeza mwezi mmoja. Miaka ya 1980 Wamarekani wakaambiwa miwili, na Wajapani wakaambiwa mitatu. Japani ni mfano wa kutisha kidogo. Mwaka 1967 wanaharusi waliovaa pete ya uchumba ya almasi kule hawakufika asilimia 5. Mwaka 1981 walikuwa karibu asilimia 60. Mila ya miaka 14! Kwa hiyo sonara wangu aliyesema "ndivyo ilivyo dunia nzima" alikuwa ananisomea tangazo lenye umri wa baba yangu mdogo, na hata halikuandikwa kwa ajili ya nchi ambako baada ya pete kuna kishika uchumba, mahari, mkaja wa mama, blanketi la babu na kamati ya harusi.

Sasa turudi nyumbani, kwa sababu 1947 ina upande wa Shinyanga.

John Williamson alikuwa mtaalamu wa miamba kutoka Kanada, mwenye shahada ya udaktari. Alizunguka Tanganyika miaka mingi bila fedha na bila afya njema, mpaka mwaka 1940 akaupata mwamba wa almasi Mwadui. Ni mwamba wenye eneo la hekta 146 juu ya ardhi, miongoni mwa mikubwa zaidi duniani iliyowahi kuchimbwa kibiashara. Alijenga mji mzima pale. Oktoba 1947 ikatoka Mwadui almasi ya waridi ya karati 54.5, na Williamson akampa Princess Elizabeth wa Uingereza kama zawadi ya harusi yake iliyofungwa Novemba 20 mwaka huo. Ilikatwa London ikabaki karati 23.6, na mwaka 1953 Cartier wakaiweka katikati ya ua la kubandika kifuani. Malkia aliivaa mara nyingi mpaka uzeeni. Hebu tazameni picha zake, lile ua begani ni udongo wa Kishapu.

Mgodi ule ukapita mikono mingi. Williamson alifariki Januari 1958, ndugu zake wakauza kwa De Beers na serikali ya Tanganyika. Ukataifishwa miaka ya sabini. De Beers wakarudi 1994. Petra wakanunua hisa zao 2009, na mwaka 2025 nao wakatangaza kuziuza. Williamson mwenyewe? Hakuoa. Rhodes hakuoa, Gerety hakuolewa, Williamson hakuoa. Watu watatu walioiweka almasi kwenye vidole vya wachumba wa dunia, na hakuna hata mmoja aliyewahi kukaa kwenye kochi la wakwe.

Lakini kilichonifurahisha zaidi katika 1947 ni pete ya Elizabeth yenyewe. Philip wakati ule alikuwa ofisa wa jeshi la majini mwenye mshahara wa mwanajeshi. Pete hakununua jiwe dukani. Mama yake, Princess Alice, alitoa taji lake dogo, likabomolewa, mawe yake yakatengenezwa pete. Kwa maneno mengine, mrithi wa kiti cha ufalme wa Uingereza alivishwa vito vilivyotumika. Hakuna aliyemwuliza Philip habari za mshahara wa miezi miwili.

Nilipofika hapo nikafunga kompyuta nikampigia mama. Nitawaambia nilichomwuliza.

Kwanza tumalizane na jiwe. Dukani watakuambia almasi hupimwa kwa mambo manne: uzito, rangi, usafi na mkato. Hii nayo ina wenyewe. Robert Shipley alianzisha taasisi ya vito ya GIA huko Marekani mwaka 1931 na ndiye aliyeyaunganisha haya manne ili masonara wayakumbuke, maana kwa Kiingereza yote yanaanza na herufi C. Mwaka 1953 mrithi wake Richard Liddicoat akatoa ngazi za rangi na usafi zinazotumika mpaka leo. Rangi inaanzia herufi D, isiyo na rangi kabisa, kushuka hadi Z iliyo ya manjano. Kwa nini haianzii A? Kwa sababu masonara wa zamani walikuwa wametumia A, AA na AAA kila mtu anavyotaka, na Liddicoat hakutaka kuchanganywa nao. Ukiona duka mpaka leo linakuuzia almasi ya "AAA", funga zipu ya pochi yako.

Ngazi za Liddicoat zilitengenezwa kwa ajili ya wataalamu walioshika lenzi inayokuza mara 10, chini ya taa maalumu, jiwe likiwa limelazwa kifudifudi kwenye karatasi nyeupe. Nani atamwangalia mke wako kidole namna hiyo? Nilimwomba sonara mmoja muungwana, mzee wa Kihindi ambaye hakuniharakisha hata kidogo, anipangie mawe matatu ya D, G na I bila kuniambia lipi ni lipi. Nilikosea yote matatu. Bei haikukosea. Akanieleza kwamba kwa dhahabu nyeupe G au H inatosha kabisa, na kwa dhahabu ya njano unaweza kushuka hata J, kwa sababu ile njano ya pete inameza njano ya jiwe. Usafi nao vilevile. Tafuta jiwe ambalo dosari zake huzioni kwa jicho tupu, kwa kawaida VS2 au SI1, ukilishika umbali wa kusoma gazeti. Kulipia "lisilo na dosari kabisa" ni kulipia kitu kitakachoonekana na sonara peke yake.

Uzito ndio mtego mkubwa. Neno karati linatokana na mbegu za mkarobu zilizotumika kupimia vito zamani. Tangu 1907 imekubaliwa kuwa gramu 0.2. (Msichanganye na karati za dhahabu, zile za 18 na 21, ambazo ni kipimo cha usafi.) Bei ya almasi haipandi taratibu kama mlima Uluguru, inapanda kama ngazi za ghorofa: ikifika nusu karati inaruka, ikifika karati moja inaruka tena, kwa sababu tu watu wanapenda kutaja namba nzima. Jiwe la karati 1 lina kipenyo cha milimita 6.5 hivi. La karati 0.9 lina milimita 6.2. Tofauti ya unene wa kadi ya simu ndiyo unayoitolea fedha nyingi. Kwa hiyo nunua chini kidogo ya ngazi: 0.9, 0.45, na kadhalika. Wasiopenda kutajiwa namba kamili ndio wanaofaidi.

Linabaki la nne, mkato, na hapa naomba mtulie, kwa sababu ndilo pekee ambalo shangazi wa bi harusi ataliona kutoka ng'ambo ya ukumbi. Mwaka 1919 Marcel Tolkowsky, kijana wa ukoo wa wakataji almasi wa Antwerp, alichapisha hesabu za namna nuru inavyoingia ndani ya almasi, inavyogonga kuta zake na kurudi juu kwenye jicho la anayetazama. Jiwe likikatwa kina kirefu mno, nuru inatokea ubavuni. Likikatwa bapa mno, inavuja chini, na katikati linakuwa kama jicho la samaki aliyelala sokoni siku mbili. Kwa nini basi watu wakate vibaya? Kwa sababu ya uzito! Mkataji akiacha tumbo nene, jiwe linabaki na karati nyingi, na karati ndizo zinazouzwa. Unaweza kununua almasi ya nusu karati ambayo kwa juu ina sura ya 0.4, ile nyingine yote imejificha chini ya pete.

Na hili ndilo lililonishtua kuliko yote. Rangi na usafi vilipata ngazi zake 1953. Mkato, ambao ndio unaofanya almasi iwake, GIA waliupa ngazi kwenye vyeti vyao mwaka 2006, nao kwa almasi za duara tu. Zaidi ya miaka 50 mnunuzi alikuwa anapewa alama za yale asiyoyaona, na kuhusu analoliona anaambiwa "liangalie tu mwenyewe". Kwa hiyo ukiwa na fedha kidogo, weka yote hapo. Chukua mkato wa daraja la juu kabisa, kisha shuka kwenye uzito, rangi na usafi mpaka bei ikutoshe. Jiwe dogo linalowaka linalishinda jiwe kubwa lililolala. Na liwe na cheti cha maabara inayojulikana, namba yake ichongwe kwa leza ukingoni mwa jiwe, uihakiki mwenyewe kwenye tovuti ya maabara hiyo. Duka moja lilinipa "cheti" kilichopigwa chapa na duka lenyewe, chenye picha ya waridi. Niliwashukuru.

Kuna watakaosema, kwa nini usinunue almasi ya maabara? Swali zuri. General Electric walitengeneza almasi mwaka 1954, na leo za maabara ni almasi kamili, kaboni ile ile, ugumu ule ule. Sonara hawezi kuzitofautisha bila mashine. Bei zake zimeanguka vibaya. Mwaka 2018 De Beers wenyewe walianzisha Lightbox wakiuza karati moja ya maabara kwa dola 800, bei iliyoonekana ya kutupa. Mwaka 2025 wakatangaza kuifunga, na mwaka huo huo GIA wakatangaza kuacha kuzipa almasi za maabara zile ngazi za Liddicoat. Mwenye ngazi kaamua nani asizipande. Kwa anayetaka jiwe kubwa kwa fedha ndogo, na asiyewaza kuliuza, sioni kosa lolote kuchukua ya maabara, ilimradi amwambie mchumba ukweli. Mimi nilishawishika siku nne nzima. Kilichonirudisha ni yule baba mkubwa na vumbi lake. Nilitaka jiwe lililotoka ardhini. Ni hisia tu, siwezi kuitetea mbele ya mhasibu.

Wengine watasema tanzanite, ni yetu na inapatikana Mererani peke yake duniani. Naipenda mno, lakini kwenye kipimo cha ugumu ambacho almasi ina 10, tanzanite iko kati ya 6 na 7. Kwa hereni au mkufu ni safi. Kwa pete ya mtu anayeosha vyombo kila siku, itakwaruzika.

Na tafadhali, yule jamaa wa kijiweni mwenye rafiki yake Maganzo mwenye jiwe ghafi kwenye pamba, achaneni naye. Kwanza mara nyingi ni chupa. Pili, kama si chupa, kukutwa na madini ghafi bila leseni ni kosa la jinai, na uchumba wa kuletewa chakula mahabusu haupendezi. Tatu, almasi ghafi hata wataalamu inawapiga chenga. Mwaka 2017 serikali ilikamata uwanja wa ndege Dar es Salaam shehena ya almasi za Mwadui za karati zaidi ya 71,000. Zilikuwa zimeandikwa thamani ya dola milioni 14.8 hivi, serikali ikasema ni milioni 29.5 hivi. Kampuni ilikana kufanya kosa. Kama kwa shehena ile ile wakubwa wanatofautiana mara mbili nzima, wewe na tochi ya simu utajua nini?

Sasa nilichomwuliza mama. Nilimwuliza kama bado ana ile bangili iliyovunjika. Akanyamaza kidogo. Akasema, "Ya nini?" Nikamweleza habari za Philip na mama yake na lile taji. Mama si mtu wa historia za Wazungu, lakini siku ya pili bangili ilifika kwa basi, imefungwa kwenye kitambaa pamoja na hereni moja isiyo na mwenzake na maagizo kwamba kitambaa kirudishwe. Yule mzee wa Kihindi aliipima, akaiyeyusha mbele yangu, ikatosha pete na ikabaki punje ambayo amenihesabia kwenye gharama ya kazi. Bei ya dhahabu ilivyo siku hizi, hiyo peke yake imeokoa karibu nusu ya akiba yangu.

Jiwe nililochukua ni karati 0.34, rangi H, usafi SI1, mkato wa daraja la juu kabisa. Kipenyo chake ni milimita 4.5. Halina ukubwa wa kupigiwa picha, lakini ukilipeleka dirishani linarusha nuru mpaka kwenye dari. Fedha zimebaki, na zinakwenda kwenye nauli za wazee.

Jumapili baba mkubwa alikuwa Dar kwa ajili ya kliniki ya macho. Nikamwonyesha kabla halijafungwa kwenye pete. Nilimwekea kwenye karatasi nyeupe, akavaa miwani, akasogea chini ya taa. Alikuwa hajawahi kuona almasi iliyokatwa kwa karibu namna ile. Miaka kumi na moja aliziona ghafi, kama vipande vya chumvi ya mawe, zikiondoka. Zamani Iringa kulikuwa na kiwanda cha kuzikata, Tancut, ambacho wengi wetu tunakikumbuka kwa bendi yake ya Tancut Almasi Orkesta kuliko kwa almasi; siku hizi karibu zote za dunia hukatwa Surat, India.

"Ni ya kwetu?" akauliza.

Nikamwambia cheti hakisemi. Kinataja uzito, rangi, usafi, mkato, kila kitu isipokuwa shimo lilikotoka, na jiwe likishakatwa hakuna atakayeweza kumjibu kwa kulitazama tu.

Akaligeuza na ncha ya kalamu yangu. "Dogo," akasema. Akaligeuza tena, akavua miwani akaifuta, akaivaa. "Lakini linawaka."

Pete inakamilika Alhamisi. Wewe unayejijua, kama umesoma mpaka hapa, jifanye hukusoma.